Namba ya Katikati Lazima Iwe Moja

Mizinga ilikuwa ikipasuka. Kiwanda cha Obukhov, pale St Petersburg, kilianza kufua mizinga ya feleji katika miaka ya 1860. Mingine ilidumu, mingine, iliyofuliwa kwa feleji ya namna moja, ilipasuka ilipofyatuliwa. Kazi ya kutafuta chanzo ikamwangukia mhandisi Dmitry Chernov, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 30. Hakuwa na kipimajoto cha kutegemewa kwa joto la tanuru. Alikuwa na macho yake, akajifunza kusoma joto la chuma kwa rangi: wekundu wa kiza, wekundu uliokolea, machungwa, manjano. Mwaka 1868 aliwaeleza wahandisi wenzake alichokiona. Feleji ina vituo vyake vya joto. Ukiipasha bila kufika kituo cha kwanza, hata uizamishe majini kwa kasi gani, haitakuwa ngumu. Ukivuka kituo cha pili, punje zake hubadilika, na hapo ndipo inapoamuliwa kama mzinga utamuua adui au mpigaji wake.

Alichokinusa Chernov ni jambo ambalo hata leo huwashangaza wanaolisikia mara ya kwanza. Chuma safi kikifika nyuzi 912 za Selsiasi hakijakaribia kuyeyuka. Bado kimebakiza zaidi ya nyuzi 600. Lakini ndani yake atomi zinaacha mpango mmoja na kujipanga katika mpango mwingine, huku zikiwa zimeshikana vilevile. Kipande kinabaki kigumu mkononi mwa koleo, kumbe ndani kimekuwa kitu kingine. Kikipoa, kinarudi. Na kikiwa na kaboni kidogo, kisha kikapozwa ghafla, hakirudi kilipotoka bali kinaangukia mpango wa tatu, mgumu kiasi cha kukata chuma chenzake.

Kulikamata badiliko hilo kwa hesabu kulichukua zaidi ya karne moja, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya karne hiyo iliishia kwenye swali la pembeni. Watu waliuliza mpango wa kwanza ni upi na wa pili ni upi. Yalikuwa maswali ya haki, na majibu yake yalihitajika. Ila swali lililozaa matunda lilikuwa jingine: fuwele za mipango hii miwili, zikiwa ndani ya kipande kimoja, zinakutanaje?

Kabla ya hesabu yalikuja macho. Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield aliyeishi kwa urithi wake na hivyo hakuhitaji ajira, alisugua vipande vya feleji mpaka vikang'aa, akavipaka asidi, akaviweka chini ya hadubini katika miaka ya 1860. Huko Ujerumani, Adolf Martens, mhandisi aliyetoka kwenye kazi za madaraja ya reli, alifanya vivyo hivyo kwa subira ya ajabu. Mfaransa Floris Osmond ndiye aliyegawa majina: ile sura ya sindano sindano inayoonekana katika feleji iliyopozwa ghafla aliiita martensaiti mwaka 1895, kwa heshima ya Martens, na ile ya joto kali ikawa austenaiti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Majina yakashika. Sababu ya sindano zile ikabaki fumbo.

Nadharia ya kwanza ya nguvu ilitoka Marekani, kwa Josiah Willard Gibbs wa Yale. Kati ya 1875 na 1878 alichapisha kazi ndefu katika jarida la Connecticut ambalo wachache walilisoma, akionyesha kwamba kila hali ya maada ina akiba yake ya nishati, na kwamba hali yenye nishati ndogo zaidi katika joto fulani ndiyo itakayoshinda. Mholanzi Bakhuis Roozeboom alizitumia kanuni hizo kwa chuma na kaboni mwaka 1900, na mchoro uliotokana na juhudi hizo bado hufundishwa katika kila chuo cha uhandisi. Lakini mchoro huo ni wa mambo yaliyopewa muda wa kutulia. Martensaiti haitulii. Robert Mehl na Rointan Bunshah walipoipima mwaka 1953 katika aloi ya chuma na nikeli, bapa zake zilikuwa zikikua kwa kasi ya takriban kilomita 1 kwa sekunde. Hakuna atomi inayopata nafasi ya kuhama kwenda kutafuta mahali pazuri. Zote zinasogea pamoja, kila moja hatua ndogo kuliko nafasi iliyopo kati yake na jirani.

Ili kuhesabu msogeo huo ilibidi kwanza kujua atomi zinaanzia wapi na kuishia wapi, na jibu lilikuja na eksirei. Mwaka 1921 Msweden Arne Westgren alithibitisha kwamba katika chuma cha joto kali atomi hukaa kwenye pembe za mchemraba na katikati ya kila uso wake, ilhali katika chuma cha kawaida hukaa kwenye pembe na moja katikati ya mchemraba wenyewe. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Edgar Bain aliona kitu ambacho, ukishakiona, huwezi tena kuacha kukiona. Chukua michemraba miwili ya aina ya kwanza iliyokaa bega kwa bega. Ndani yake, kati ya mmoja na mwingine, kumejificha kisanduku kilichosimama wima chenye atomi kwenye pembe zake nane na moja katikati. Ni mpango wa aina ya pili hasa, isipokuwa umerefuka.

Hebu tuufuate kwa namba, kwa kuwa kisa chote kimejificha humo. Mchemraba wa austenaiti una upande wa kama nanomita 0.359. Kisanduku cha Bain kina kimo hichohicho, lakini kitako chake ni nusu ya mshazari wa uso, yaani nanomita 0.254. Mchemraba wa chuma baridi una upande wa 0.287. Kwa hiyo kimo lazima kibonyezwe kutoka 0.359 hadi 0.287, ambayo ni kukizidisha kwa 0.80, na kitako kitanuliwe pande zote mbili kutoka 0.254 hadi 0.287, yaani mara 1.13. Basi. Fuwele moja inageuka kuwa nyingine kwa namba tatu: 0.80, 1.13 na 1.13. Kaboni inayobaki imenaswa ndani huirefusha kidogo ile fuwele mpya, na hapo ndipo ugumu wa feleji unapopata chanzo chake.

Maelezo ya Bain yalikuwa mazuri kiasi kwamba ilichukua muda watu kuona kasoro yake. Fikiria bapa la martensaiti linalokua ndani ya austenaiti. Mahali zinapogusana pana bapa la mpaka, na mpaka huo unamilikiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kama upande mmoja umetanuka na mwingine haukutanuka, mpaka utachanika. Ili usichanike, ni lazima kuwe na uso mmoja ndani ya fuwele ambao badiliko haliugusi: kila mstari uliochorwa juu yake ubaki na urefu wake uleule. Hesabu ya jambo hili ni fupi. Panga zile namba tatu kutoka ndogo hadi kubwa. Ya kwanza isizidi 1, ya tatu isipungue 1, na ile ya katikati iwe 1 kamili. Ikiwa 1.01 tu, hakuna uso wa aina hiyo, hata ukiutafuta wapi.

Namba za Bain zikipangwa ni 0.80, 1.13, 1.13. Ya katikati ni 1.13. Kwa hesabu hiyo martensaiti ya feleji haiwezi kugusana na austenaiti iliyoizaa. Na bado kila mhunzi aliyewahi kuzamisha jambia jekundu majini ameitengeneza.

Georgy Kurdjumov na George Sachs, wakifanya kazi Berlin, walipima mwaka 1930 jinsi fuwele mbili zinavyoelekeana. Mjapani Zenji Nishiyama akapima tena mwaka 1934 katika aloi nyingine na kupata uelekeo uliotofautiana kidogo. Vipimo hivyo vilikuwa safi, lakini havikulingana na badiliko la Bain peke yake. Mwaka 1949 Alden Greninger na Alexander Troiano waliikabili hitilafu hiyo ana kwa ana. Walipima namna uso wa kipande kilichosuguliwa unavyoinama martensaiti inapojitokeza, wakaona kwamba mwinamo unaoonekana kwa nje si ule unaohitajika kuibadili fuwele kwa ndani. Kulikuwa na badiliko la pili lililojificha, linalofuta sehemu ya lile la kwanza.

Jibu lilipatikana mara mbili, katika mabara mawili. Mwaka 1953 Monroe Wechsler, David Lieberman na Thomas Read wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha nadharia yao. Mwaka 1954 John Bowles na John Mackenzie wa Australia wakatoa ya kwao, iliyoandikwa kwa lugha tofauti ya hisabati lakini yenye maudhui yaleyale. Bain alikuwa amechagua kubonyeza kimo. Lakini mchemraba una mielekeo mitatu iliyo sawa, na fuwele inaweza kubonyezwa kwa wowote kati ya hiyo. Basi tuseme bapa la martensaiti ni tabaka jembamba la aina moja, kisha tabaka jembamba la aina ya pili, kisha tena ya kwanza, kama mapacha waliopangwa kwa zamu. Kila tabaka peke yake haliwezi kugusana na austenaiti. Mchanganyiko wao, ukichukuliwa kwa wastani, una namba tatu mpya, na kwa uwiano fulani wa unene wa matabaka namba ya katikati inakuwa 1. Hesabu hiyo hutoa uwiano wenyewe, mwelekeo wa bapa na kiasi cha mwinamo. Kwa dhahabu na kadimiamu, aloi ambayo Read na wenzake waliichunguza kwa ukaribu mkubwa, majibu yalikubaliana vizuri mno na vipimo.

Nadharia hii naihusudu, lakini haikuwa imekamilika. Waandishi wake waliyaweka matabaka pacha ndani ya hesabu tangu mwanzo, kwa sababu hadubini ilikuwa imeyaonyesha. Ilikuwa kanuni ya kukokotoa kitu kilichokwisha kuonekana. Kwa nini metali ijisumbue kujikata vipande vyembamba hivyo, haikusema.

Kabla ya hapo kulikuwa tayari na mkondo mwingine wa hesabu, ambao ulijali muda na haukujali umbo. Andrei Kolmogorov wa Moscow aliuchapisha mwaka 1937, na ujanja wake unastahili kuelezwa. Metali inapoganda, punje huzaliwa hapa na pale, hukua, halafu hugongana, na kuzihesabu zikigongana ni kazi ya kukatisha tamaa. Kolmogorov aliziacha punje akachagua nukta moja tu ndani ya metali, akauliza: kuna uwezekano gani kwamba mpaka saa hii hakuna punje iliyoifikia? Swali hilo lina jibu la mstari mmoja. William Johnson na Robert Mehl mwaka 1939, na Melvin Avrami kati ya 1939 na 1941, walifika mahali hapohapo kwa njia zao, na mlinganyo huo sasa hubeba majina yao wote. Unafaa sana pale atomi zinapohama taratibu. Kwa martensaiti haufai, maana yenyewe haijali muda. Inajali umeshuka nyuzi ngapi chini ya pale inapoanza. Koistinen na Marburger walitoa kanuni yake mwaka 1959: kila nyuzi inayoshuka hubadili kama asilimia 1.1 ya austenaiti iliyosalia. Kanuni ya vipimo tu, lakini wanaopasha na kupoza gia bado wanaitumia.

Mwaka huohuo wa 1959, katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko Maryland, William Buehler alikuwa akijaribu aloi kwa ajili ya pua za makombora. Moja ilikuwa ya nikeli na titaniamu, nusu kwa nusu. Alikuwa ameyeyusha fito kadhaa, nyingine zimekwisha kupoa, nyingine bado za moto. Fito baridi ilipoanguka sakafuni ilitoa mlio mzito uliokufa papo hapo, kama wa metali ya risasi. Akaogopa imepasuka ndani, akaangusha zilizo moto: zikalia kama kengele. Akakimbilia bomba la maji ya kunywa, akaipoza fito iliyolia, akaiangusha tena. Kimya. Akaitia katika maji ya moto, na kengele ikarudi. Fuwele mbili, sauti mbili, na badiliko kati yake likitokea katika joto ambalo mkono unaweza kulistahimili. Muda si mrefu baadaye utepe wa aloi hiyo uliokunjwakunjwa ulipitishwa mezani kwenye kikao cha wakubwa wa maabara; mmoja wao, David Muzzey, aliupasha kwa kiberiti chake cha kiko, nao ukajinyoosha mbele ya macho yao. Aloi ikaitwa Nitinol. Leo hutengenezewa vijibomba vya wavu vinavyopanua mishipa ya damu, na nyaya za kunyoosha meno.

Metali inayokumbuka umbo lake iliwavuta watu ambao hawakuwa wameshika tanuru maishani mwao. Jerald Ericksen alikuwa ametumia miaka ya 1970 kuitazama fuwele kama kitu chenye nishati inayotegemea jinsi kilivyonyooshwa, nishati yenye mabonde kadhaa ya kina sawa: bonde kwa kila mwelekeo ambao martensaiti inaweza kuchukua. Mwanafunzi wake wa zamani, Richard James, alikutana katika fikra na John Ball wa Edinburgh, bingwa wa tawi la hisabati linalotafuta umbo lenye nishati ndogo kuliko yote. Makala yao ya 1987 ndiyo ninayoiona kuwa mgeuko mkubwa wa historia hii. Hawakuweka mapacha ndani ya hesabu. Waliandika nishati, wakaweka sharti kwamba martensaiti ikutane na austenaiti bila kuchanika, wakauliza umbo lipi lina nishati ndogo kabisa. Hisabati ikajibu: hakuna.

Jibu hilo linahitaji kusimama nalo kidogo. Nahodha wa jahazi anayetaka kwenda mahali upepo unapotoka hawezi kuelekeza omo huko moja kwa moja. Huenda bisha, kushoto kisha kulia. Hakuna mwendo hata mmoja uliolenga upeponi, lakini wastani wa safari nzima umelenga huko. Sasa mpe sharti kwamba asitoke nje ya mstari mwembamba. Atafupisha kila mwendo. Ukiubana mstari zaidi, atafupisha zaidi, na hakuna urefu ambao utauita wa mwisho. Martensaiti nayo hufanya hivyo mbele ya austenaiti: kila matabaka yakiwa membamba zaidi, nishati ya mpakani inapungua, na daima kuna membamba kuliko hayo. Umbo bora halifikiwi, linakaribiwa tu. Ule utaratibu wa matabaka pacha ambao Wechsler na wenzake waliuazima kutoka kwenye hadubini ulijitokeza wenyewe, pamoja na uwiano na mielekeo yao yote, kutokana na nishati na sharti la mpaka. Vyombo vya kihisabati vya kuushughulikia ukosefu huo wa jibu vilikuwa vimetengenezwa nusu karne nyuma na Laurence Chisholm Young, ambaye hakuwa akifikiria metali.

Bila shaka, metali halisi haina matabaka yasiyo na unene. Kila zamu kati ya pacha na pacha ina gharama yake ndogo, kama vile kugeuza tanga kulivyo na gharama. Robert Kohn na Stefan Müller waliiingiza gharama hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1990, na wakaona kwamba matabaka ya unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho si njia rahisi kuliko zote. Ni nafuu yawe manene mbali na mpaka, kisha yagawanyike na kugawanyika tena kadiri yanavyoukaribia. Picha za hadubini zina matawi ya namna hiyo.

Kaushik Bhattacharya, James na wenzao wakaanza kuisoma nadharia kinyumenyume. Kama mapacha ni njia ya kuzunguka tatizo la namba ya katikati, itakuwaje namba hiyo ikiwa 1 tangu mwanzo? Hapo mapacha hayahitajiki. Mpaka utapita katika fuwele bila kuacha mkwaruzo, na aloi itageuka na kurudi bila ukaidi. Ukaidi huu ndio pengo kati ya joto la kwenda na joto la kurudi, na ndio unaoichosha metali hadi ikatike. Kwa nikeli na titaniamu namba ya katikati ni kama 0.97, na pengo lake ni makumi ya nyuzi. Mwaka 2006 watafiti walitandaza aloi nyingi kwa mpigo kama utando mwembamba, kila sehemu ikiwa na mchanganyiko tofauti kidogo wa nikeli, titaniamu na metali ya tatu, wakapima zote. Kadiri namba ya katikati ilivyokaribia 1, pengo lilishuka kwa ghafla.

Kisha yakaongezwa masharti mengine mawili, makali zaidi, yanayoziruhusu fuwele mbili kukutana kwa uwiano wowote wa mapacha. Yalikuwa yamekaa ndani ya milinganyo kwa miaka bila aloi hata moja ya kuyatimiza. Mwaka 2013 Yintao Song, Xian Chen, Vivekanand Dabade, Thomas Shield na James waliripoti aloi ya dhahabu sehemu 30, shaba 25 na zinki 45 iliyoyakaribia sana. Waliipasha na kuipoza zaidi ya mara 16,000. Joto la badiliko lilihama kwa chini ya nusu nyuzi. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa sura yake. Katika aloi za kawaida michoro ya martensaiti hurudia palepale kila mara, ikifuata makovu ya safari iliyotangulia. Hii ilichora mchoro mpya kila ilipogeuka, wenye mikunjo na vijito, kana kwamba haikuwa imewahi kugeuka kabla.

Dhahabu haijengi mashine, na mwaka 2015 watafiti waliokuwa na kituo chao Kiel, Ujerumani, waliripoti utando wa titaniamu, nikeli, shaba na kobalti uliovutwa na kuachiwa mara milioni 10 bila kuchoka. Walipotazama ndani walikuta chembe ndogo za titaniamu na shaba ambazo mpango wake unaelewana na austenaiti na martensaiti kwa pamoja, zikiwa kama walinzi wanaoirudisha fuwele nyumbani. Hesabu ilikuwa imeomba namba ya katikati iwe 1, na aloi hiyo ikaja na msaidizi ambaye hesabu haikumtaja. Siku hizi anayetafuta aloi ya kuendeshea jokofu lisilo na gesi, au vali ya moyo, anaweza kuanza kwa kipande kidogo na mashine ya eksirei: anapima pande za fuwele zote mbili, anakokotoa namba tatu, na kama ya katikati iko mbali na 1, anakitupa kipande kabla hakijafika kwenye mashine ya kuvuta.